Mvuke wa Ijumaa

Wivu wa Sabiri ulianza Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa chai, na kama ungekuwa na adabu ungeondoka pamoja na vikombe. Haukuondoka. Ulivuta kiti ukakaa, na kufikia Ijumaa ulikuwa umeshakuwa mwenyeji.

Sabiri alikuwa mkemia wa karakana ya Parag mjini Korogwe, ile iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Harish, baba yake Parag. Zamda, mkewe, alikuwa mfinyanzi wa karakana hiyohiyo. Kazi yao ilikuwa kutengeneza vipande vya udongo vyenye matundu mengi madogo, mfano wa sega la asali, na kuvipaka kichocheo cha manganizi. Vipande hivyo hupangwa ndani ya bomba la moshi. Moshi ukipita, ile gesi kali ya nitrojeni inayowasha macho na kubana kifua hukutana na amonia kidogo inayopulizwa humo, na kichocheo huzigeuza zote mbili kuwa hewa isiyodhuru na maji. Sabiri alichanganya dawa na kupima. Zamda alikanda, akakata, akachoma. Kwa miaka mitatu mgawanyo huo haukumsumbua mtu, hasa yule aliyekuwa juu.

Kilichowasumbua ni maji. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha unga wa muhogo huko Mkata, chenye tanuri la kukaushia ambalo moshi wake hutoka umelowa. Muhogo mbichi ni maji matupu, na yote hupanda na moshi. Kichocheo cha Sabiri kikipewa moshi mkavu kilikula gesi tisini kwa mia, ukakipenda. Kikipewa mvuke kililegea. Maji yalikalia nafasi ambazo gesi ilitakiwa kukaa, na baada ya saa chache kilikuwa kinakula thelathini tu, na wanawake wanaomenya mihogo chini ya lile bomba wakaendelea kukohoa.

Sabiri alijaribu kila alichokisoma. Alipaka vipande dawa ya kuzuia maji. Dawa ikaziba matundu, gesi nayo ikakosa njia. Akaipunguza, maji yakaingia. Akabadilisha udongo, akabadilisha manganizi, akabadilisha hata miwani. Daftari lake la nne lilikuwa linakaribia kujaa, na Parag, ambaye ni mtu mpole, alikuwa ameanza kuuliza kwa upole zaidi, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa.

Kisha Zamda akaenda Sindeni kumjulia hali mama yake, akakaa huko siku mbili, akarudi na mawazo. Hakumwambia mtu. Alitoa vipande sita tanurini vikiwa bado moto kiasi cha kuchoma mkono, akavinyunyizia dawa ileile ya Sabiri ya kuzuia maji iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi, ikalia chaa na kukauka palepale. Hiyo Jumatatu, wakati watu wanamimina chai, akaweka karatasi ya mashine ya kupimia gesi mezani. Vipande vilikuwa vimekaa kwenye mvuke usiku kucha na bado vilikuwa vinakula themanini na nane kwa mia.

Parag aliisoma mara mbili, akaweka kikombe chini.

"Dada Zamda," akasema, "hii ni ya kweli?"

"Nimerudia, bosi. Mara mbili."

"Bwana Sabiri, umeiona hii?"

Sabiri hakuwa ameiona. Alisema ameiona. Uongo wa kwanza wa wiki hiyo ulikuwa mdogo, na ulitoka bila kusukumwa.

Walipobaki wawili alimuuliza mkewe, kwa sauti aliyoifanyia kazi ili isitetemeke, amelitoa wapi wazo lile.

"Si ndivyo mama anavyofanya?" Zamda akamjibu, akishangaa kweli. "Chungu kikitoka motoni, anakinyunyizia maji ya magome kikiwa bado moto. Kikishapoa hakishiki, kinatoka utando tu. Nikasema magome yataungua kwenye bomba, lakini ule wakati wa kunyunyiza nitauchukua. Dawa inakauka juu kabla haijazama kwenye matundu. Wewe ulikuwa unavipaka vikiwa vimepoa, baba Hafsa."

Hapo ndipo Sabiri alipoumwa hasa. Alikuwa amemuoa Zamda miaka kumi na moja iliyopita, na katika miaka hiyo amekwenda Sindeni zaidi ya mara ishirini. Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, huchoma vyungu nyuma ya nyumba. Lakini mkwe ana heshima zake. Sabiri alikuwa akimsalimu kwa mbali, macho chini, kisha anawekewa kigoda upande wa pili wa ua, na ili asimwangalie mkwewe akihangaika na moto, anakigeuza kigoda na kuupa moto mgongo. Alikuwa amesikia ile chaa mara nyingi. Alidhani wanazima makaa.

Jibu la miaka yake mitatu lilikuwa hatua thelathini nyuma ya mgongo wake, na heshima ilimkataza kugeuka. Mtu mwingine angecheka. Sabiri alijaribu kucheka, akashindwa, akaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Kuanzia siku hiyo alianza kuhesabu. Parag alitaja jina la Zamda mara tisa Jumanne, na la kwake mara mbili, moja ikiwa ya kumuuliza ufunguo uko wapi. Fundi wa kuchomelea aliviita "vipande vya Zamda", na kufikia alasiri karakana nzima ilikuwa inaviita hivyo, kana kwamba manganizi nayo ilichimbwa na Zamda. Mzee Harish alitoka dukani kwake, jambo analolifanya kwa nadra, akaja kumpa mkono. Majirani wa Kilole, wanakoishi, walisikia kabla hata hajafika nyumbani. "Hongera shemeji," wakamwambia, "mkeo kichwa!" Akashukuru. Mdomo tu ndio ulioshukuru.

Tusimsingizie: alimpenda mkewe. Alimpenda akiwa amebeba ndoo ya udongo, alimpenda akiwa amechoka, alimpenda zaidi akiuliza maswali ambayo yeye anayajua majibu. Ni huyu Zamda mwenye majibu yake mwenyewe ndiye aliyemshinda. Jumatano jioni Zamda alikuwa anaandika maelezo ya vipande vyake huku akiimba kwa sauti ya chini, na Sabiri akamsahihisha neno moja, kisha la pili, kisha akamwambia mwandiko wake haufai kupelekwa kwa watu.

"Utaniandikia wewe?" Zamda akauliza.

"Sina nafasi."

"Basi niache na mwandiko wangu."

Baadaye Sabiri alimwambia kwamba vipande vile ni bahati tu. Kwamba katika sayansi mtu anaweza kuangukia jambo bila kulielewa. "Ninalielewa," Zamda akasema, na akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi saa nne asubuhi kipimo cha mwisho kilianza. Vipande vinane, ambavyo Zamda alivitengeneza kimoja kimoja, viliwekwa ndani ya bomba la majaribio: moto wa nyuzi mia moja na sabini, mvuke asilimia kumi, siku mbili mfululizo. Jumamosi saa nne angekuja Deogratius, msimamizi wa ubora wa kile kiwanda cha Mkata. Vipande vikiwa bado vinakula sabini kwa mia au zaidi, anatia saini na Mkata wanafungiwa mabomba. Vikishuka chini ya hapo anaondoka na mradi unakwisha, maana Parag alikuwa ameshasema wazi kwamba hana subira ya mwaka wa nne. Udongo uliotumika ulikuwa wa mwisho katika mzigo wao. Vya akiba havikuwepo.

Ijumaa saa sita na nusu Parag alikwenda kula kwao. Zamda alikwenda nyumbani kuchukua chakula. Mafundi walitawadha wakaelekea msikitini, na Sabiri naye alitawadha, akavaa kofia, akafika hadi mlangoni. Kisha akasema amesahau kitu, akarudi ndani.

Mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Kioo chake kilionyesha themanini na tisa. Sabiri alisimama mbele ya ile namba kwa muda mrefu, na namba haikumwonea haya. Alijiambia anataka kuhakikisha tu. Alijiambia asilimia kumi ni kipimo cha kubembeleza, kwamba mkemia yeyote makini angeongeza. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Alichotaka ni kuiona ile namba ikianguka. Alitaka Jumamosi ifike, Zamda asimame mbele ya Deogratius bila la kusema, kisha ageuke amtafute yeye kwa macho, kama zamani, amuulize kwa nini.

Akaifungua koki ya mvuke kutoka kumi hadi ishirini na tano. Halafu, kwa sababu alikuwa mkemia mzuri na alijua vizuri kinachoua kichocheo, akapunguza moto kutoka mia moja na sabini hadi mia moja na thelathini. Maji mengi, moto mdogo. Hapo maji yakiingia hayatoki. Ilikuwa saa saba na robo. Namba ikaanza kushuka: themanini na sita, themanini na tatu. Sabiri akafurahi, na furaha ile ilimtisha kidogo, akatoka mbio.

Msikitini aliwakuta watu wanatoka. Mtu mmoja akamshika bega akamwambia, "Ijumaa imekupita leo, Sabiri." Akajibu kazi zimembana.

Alizungukazunguka sokoni, akanunua betri ambazo hakuzihitaji, na aliporudi karakana ilikuwa saa nane. Zamda alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mashine, mikono mapajani. Koki ilikuwa pale alipoiacha. Moto ulikuwa mia moja na thelathini, umeandikwa kwa namba nyekundu ambazo hata asiyejua kusoma angeziona. Sabiri alisimama mlangoni akingoja kelele.

"Chakula chako kiko kwenye hotpoti," Zamda akasema, bila kugeuka.

Akala. Ulikuwa wali na maharage ya nazi, anavyovipenda, na hakuna hata tonge moja alilolionja. Alikuwa akimwangalia mkewe kwa pembe ya jicho. Zamda hakugusa koki. Hakugusa moto. Parag hakurudi mchana huo, na mafundi walikuwa na kazi zao uani; saa kumi na moja mume na mke walifunga karakana, wakaenda nyumbani, wakazungumza habari za viatu vya shule vya Hafsa, binti yao, na Sabiri akajiaminisha kwamba mkewe hakuona. Mfinyanzi ni mfinyanzi, akajisemea. Mambo ya mashine hayajui. Neno hilo lilimpa usingizi.

Jumamosi Deogratius alifika kabla ya saa nne, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na vumbi la Mkata hadi magotini. Parag aliwakusanya wote mbele ya mashine. Sabiri alikuwa ameshauandaa uso wa masikitiko, na hata maneno ya kumfariji mkewe alikuwa nayo tayari: usijali, mama Hafsa, tutajaribu tena pamoja.

Kioo kilionyesha themanini na moja.

Sabiri alikisogelea. Themanini na moja. Parag akatoa ile karatasi ndefu ya mashine, akaifuata kwa kidole: mstari ulikwenda sawa Alhamisi yote, ukaanguka ghafla Ijumaa mchana hadi sabini na sita, ukajikusanya, ukapanda kidogo, ukatulia themanini na moja hadi asubuhi. Haukufika chini ya sabini hata dakika moja.

"Mbona hapa umeanguka?" Parag akauliza. Kisha akaona namba za mvuke na moto, akavua miwani. "Ishirini na tano? Nyuzi mia na thelathini? Nani kagusa?"

Mafundi wakatazamana. Zamda hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mumewe, na alimtazama wazi, bila hasira, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema. Hapo Sabiri akajua kwamba aliona. Aliona tangu jana saa nane, akakaa kwenye kile kiti, na akaacha.

"Mimi," Sabiri akasema. "Niliona... asilimia kumi ni kidogo. Nikataka tuwe na uhakika."

"Wewe bwana!" Parag akapasuka kwa kicheko, akampiga mgongoni. "Ungeniambia basi, moyo ulitaka kunitoka! Deogratius, unaona watu nilio nao? Kipimo tulichokuahidi kilikuwa chepesi, huyu kakipandisha zaidi ya mara mbili kwa hiari yake!"

Deogratius alimshika Sabiri mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kaka, umenisaidia sana. Kule kwetu masika yakianza, muhogo unakuja umelowa, moshi unafika hukohuko ulikopandisha. Ningewauliza hilo leo, na msingekuwa na jibu. Tungerudi nyuma miezi."

"Huyu ndiye mkuu wa vipimo kuanzia leo," Parag akasema. "Bwana Sabiri! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Ndiyo sifa aliyoitamani wiki nzima, jina lake likitajwa mbele ya watu, kwa sauti, na mgeni akisikiliza. Zamda naye alipiga makofi. Alipiga polepole, mara nne, akiendelea kumtazama. Sabiri akatamani sakafu ifunguke.

Parag na Deogratius walitoka nje kunywa soda kivulini. "Nijazieni fomu," Parag akasema akiwa mlangoni, "aondoke nayo."

Mafundi walirudi kwenye kazi zao, wakabaki wawili, mume na mke. Zamda alikwisha kuijaza fomu kwa mwandiko wake ule usiofaa kupelekwa kwa watu: tarehe, idadi ya vipande, moto, mvuke, matokeo. Mahali pamoja aliacha wazi. Palikuwa pameandikwa: Sababu ya kubadili kipimo. Akamsukumia karatasi na kalamu.

"Hapo pako," akasema.

"Si umesikia nilivyowaambia?"

"Nimesikia. Nakuuliza wewe. Ulitaka vivunjike?"

Sabiri alitazama mlango. Nje Deogratius alikuwa anacheka.

"Mbona hukurudisha?" akauliza badala ya kujibu. "Uliona. Ungerudisha koki, basi."

"Nilikuwa na mkono juu ya koki." Sauti ya Zamda ilikwaruza kidogo, akaisafisha. "Nikafikiri, nikirudisha, vikishinda kesho, atasema maisha yake yote ni bahati. Atalala na hilo neno kitanda kimoja na mimi. Nikaiacha. Sikulala usiku, baba Hafsa. Wewe ulikoroma."

Kisha Zamda akauliza tena, palepale alipoachia. "Ulitaka vivunjike?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wivu," Sabiri akasema. Lilikuwa neno fupi na lilimtoka kwa shida, na lilipotoka hakujisikia mwepesi hata kidogo. "Miaka mitatu yangu. Siku mbili zako. Na mama yako alikuwa analifanya nyuma ya mgongo wangu. Niliona wivu mpaka nikaikosa swala."

Zamda alitikisa kichwa, si kwa kumkubalia wala kumkataa. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Ungeniambia Jumatatu, ningekuelewa," akasema. "Ningekucheka kidogo, lakini ningekuelewa. Sasa sikiliza. Mimi sitamwambia Parag. Mke kumsema mumewe kazini, hilo sitalifanya. Ukitaka andika hapo kwamba ulikuwa unahakikisha. Wataamini, umeshapigiwa makofi. Nitakupikia, nitakuitikia, tutamlea Hafsa. Lakini kipande nilichokifinyanga mimi hutakigusa tena, wala sitakwambia tena ninachofikiria. Hata kikiwa kidogo."

"Na nikiandika ukweli?"

"Sijui," Zamda akasema. "Ukweli kwanza, halafu nitajua."

Sabiri aliishika kalamu. Alifikiria jina lake, lile lililotajwa dakika kumi zilizopita, na jinsi lilivyosikika vizuri mdomoni mwa Parag. Alifikiria Deogratius akiisoma karatasi ndani ya gari kuelekea Mkata, na mafundi watakavyomwangalia Jumatatu wakati wa chai. Alifikiria pia meza yao ya Kilole, Zamda akiandika kitu na kukifunika kwa mkono yeye anapopita. Lile la mwisho ndilo lililomsogeza.

Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: Niliongeza mvuke na kupunguza moto kwa siri, kwa sababu nilitaka vipande vya Zamda vishindwe. Havikushindwa.

Zamda akaisoma. Akaisoma tena. Akachukua kalamu mkononi mwa mumewe, akaonyesha kwa ncha yake mahali pa saini, akamrudishia. Sabiri akatia saini.

"Kawape," Zamda akasema.

Sabiri alitoka na karatasi juani. Parag alimwona akija, akainuka kwenye kiti chake bado anatabasamu, akanyoosha mkono kuipokea.